Kifaranga wa Tatu

"Huyu ndege kapigwa picha na mtu anayechungulia tundu la ufunguo," alisema Malak. Aliweka gilasi ya chai mezani, akainama atazame vizuri.

"Usinimwagie chai kwenye ushahidi, wewe."

"Ushahidi! Ndege na watoto wake?"

Sheikha Hafidh akaisogeza picha mbali na gilasi. Picha ile alikuwa nayo tangu asubuhi. Kozi jike, yule ndege wa kuwindia, amesimama ukingoni mwa jabali, shingo kaigeuza, na miguuni pake vifaranga watatu wenye manyoya meupe kama pamba. Wawili walikuwa mbele, midomo wazi. Wa tatu alikuwa nyuma ya mkia wa mama yake, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Na picha nzima ilizungukwa na duara jeusi. Malak, mwenye mgahawa huu wa Edgware Road, London, ambao Sheikha kapanga chumba juu yake, hakujua upelelezi, lakini macho alikuwa nayo. Sheikha akaliandika neno lake daftarini. Mtu akikuazima macho yake bure, usiyadharau.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Februari marafiki watatu wa London walikwenda nyika za Kutch, magharibi ya India, kutazama ndege na kuwapiga picha. Bi Bhavna, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Mombasa. Jaswinder, mjenzi wa majumba, mzaliwa wa Kisumu. Na Mzee Talib wa Pemba, aliyeendesha mabasi ya London miaka thelathini na moja, na ambaye kabla ya kustaafu hakujua tofauti ya kunguru na mwewe. Mwenyeji wao alikuwa Akil, mfugaji wa ngamia anayewaongoza wageni. Siku ya mwisho Akil aliwapeleka kwenye kiota ambacho hakuwahi kumwonyesha mgeni yeyote, akawaapisha wasikitaje mahali kilipo.

Siku kumi na moja baadaye kiota kikakutwa kitupu. Ukingoni pakaokotwa kamba ya Akil, ile aliyofungia turubai la kujifichia wageni na kuiacha hapohapo. Mlanguzi mmoja wa kozi akakamatwa bandarini, vifaranga keshawapitisha, na simuni mwake ikakutwa picha hii, na ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, jirani na kiota, pameandikwa sawasawa. Akil alipoulizwa akasema yeye vifaranga aliowajua ni wawili. Askari wa misitu wakamcheka. Picha ina watatu, wewe unasema wawili. Basi muongo ni nani?

Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Akil anapandishwa kizimbani. Binti yake Seema, mwalimu wa shule, alimwandikia Bi Bhavna kwamba wakili wao anataka kitu kimoja tu: aelezwe picha ilipigwa na nani na ikafikaje kwa mlanguzi. Bila ya hivyo baba yake anakwenda jela miaka. Bi Bhavna akamwita Sheikha.

Sheikha alikunywa chai yake yote, akavaa koti, akashuka chini ya ardhi kupanda treni ya kwenda Rayners Lane, kwa Bi Bhavna.

*

Alianza na Jaswinder, maana kila kitu kilimnyooshea kidole yeye. Kamera yake mpya ilikuwa na chombo cha kunasa mahali kwa setilaiti. Na tangu arudi alishapeleka picha sita kwenye shindano.

Walikaa sebuleni kwa Bi Bhavna, na sahani ya chevda, vile vitafunio vya Kihindi, katikati yao. Jaswinder, mtu wa miraba minne na kilemba cha buluu, alimsikiliza Sheikha mpaka mwisho. Uso ukamwiva.

"Mama, unaniita mwizi?"

"Sijakuita kitu, Bwana Jaswinder. Nimekuuliza kamera yako inanasa mahali au hainasi."

"Inanasa! Lakini siku hiyo niliizima. Akil alisimama hapa," akaonyesha bega lake, "akanitazama nikiizima. Ngoja."

Akafungua kompyuta yake na kuigeuza kwa kishindo. Picha za siku ile zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Sheikha alizipitia moja moja, hakuruka hata moja. Kazi ya halmashauri ilimfundisha hivyo: miaka kumi na tisa alichunguza watu wanaodanganya kuhusu nyumba za serikali, na mara zote alichokitafuta kilikuwa kwenye karatasi aliyotamani kuiruka. Mahali hapakuandikwa. Duara jeusi halikuwapo. Na katika picha zote mia nne na kumi na mbili, vifaranga walikuwa wawili.

"Kwa nini zako hazina huu weusi?" aliuliza, akaiweka ile picha ya mlanguzi kando ya kompyuta.

Jaswinder hasira zikampungua. Aliinama, akavaa miwani. "Kwa sababu hii si kamera. Hii ni simu. Mtu kaweka simu yake kwenye jicho la darubini, akapiga. Ukifanya hivyo unapata duara. Watu wa ndege wanafanya sana, wale wasio na lenzi kubwa."

"Darubini ilikuwa ya nani?"

Bi Bhavna aliweka kikombe chini.

"Yangu," alisema. "Ile kubwa ya miguu mitatu. Lakini sote tulichungulia, Sheikha. Tulipeana zamu."

"Na simu yako?"

"Simu yangu ilikuwa mkebeni! Sote simu zetu zilikuwa mkebeni."

Akaeleza. Ilikuwa desturi ya Akil. Kabla ya kukaribia kiota chochote cha siri, aliwapitishia wageni mkebe wa biskuti, kila mtu akatia simu yake, naye akaufunga kwa uzi na kuuacha garini. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera.

"Mlitia ngapi?"

"Tatu," alisema Jaswinder. "Nilihesabu mimi. Yangu, ya Bhavna, ya Talib. Mkebe ukafungwa. Tuliporudi, uzi ulikuwa vilevile."

"Basi picha ilijipiga yenyewe," alisema Sheikha.

"Haki ya Mungu, ndiyo mambo yanayonikosesha usingizi."

Sheikha alichota chevda kidogo, akatafuna polepole. Alikuwa na mazoea yake: akikwama na *nani*, huacha *nani* akauliza *lini*.

"Nani alikuwa wa mwisho kwenye darubini?"

Wakatazamana. Hawakukumbuka, zimepita wiki nne. Lakini Bi Bhavna akainuka, akaenda kabatini, akarudi na daftari la jalada gumu, pembe zimeliwa na vumbi la safari.

"Kila jioni tunaita orodha," alisema. "Ndiyo sheria ya kikundi chetu. Tunakaa na chai, mimi nataja ndege mmoja mmoja, kila mtu anasema kaona au hakuona, na kaona wangapi. Hatulali kabla ya orodha. Hata Akil anajibu."

Sheikha akafungua ukurasa wa siku ya mwisho. Mwandiko ulikuwa wa mfamasia aliyezoea vibandiko vya chupa, mdogo na safi. Heroe, elfu mbili na ushei. Korongo, mia tatu. Tandawala, hakuna, na pembeni: *ole wetu*. Halafu kozi: jike mmoja, dume mmoja. Vifaranga: Bhavna wawili. Jaswinder wawili. Akil wawili.

Talib, watatu.

Ile *watatu* ilikatwa kwa mstari mmoja wa wino. Juu yake iliandikwa *wawili*, na pembeni kichwa kidogo kinachocheka.

"Hii ni nini?"

Jaswinder akacheka. "Ah, Talib na watatu wake! Talib huyo akiona shomoro anakwambia tai. Sisi tulikuwa tumeshakwenda kunywa chai kwa gari, yeye kabaki peke yake kwa darubini, anakuja mbio: watatu, watatu! Akil mwenyewe alimwambia, mzee, mimi nimekaa na hawa wiki tatu, ni wawili. Tukapiga kura. Talib akashindwa."

"Alikasirika?"

"Talib? Alinyamaza tu. Hakula hata…"

Jaswinder hakumaliza. Macho yake yalishuka kwenye picha ya mlanguzi, kwenye kile kichwa cheupe nyuma ya mkia. Akavua miwani, akaanza kuifuta, akaendelea kuifuta.

"Lakini alitia simu yake mkebeni," alisema mwishowe. "Niliiona."

"Najua uliiona," alisema Sheikha.

Alifunga daftari. Moyo ulimuuma, na hilo halina haja ya kufichwa. Bi Bhavna alipokuwa akitafuta mpelelezi, jina la Sheikha alipewa na Mzee Talib. Aliwaambia: *Mwiteni Sheikha, binti wa marehemu Hafidh, yule hapitwi na kitu.*

Mlangoni Bi Bhavna alimshika mkono. Hakuwa mjinga, naye alishafika alipofika Sheikha.

"Kalamu niliyokatia ni yangu," alisema. "Mwendee taratibu, Sheikha."

*

Nyumba ya Mzee Talib ilikuwa Edmonton, kaskazini ya London, katikati ya safu ndefu ya nyumba zilizoshikana. Jumamosi saa tisa mchana alimfungulia mwenyewe, fulana nzito ya sufi, ya mifuko, mwilini na kofia ya viua kichwani. Mkewe alikuwa zamu, kwa bibi mmoja anayemuuguza.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Ingia, ingia, baridi hiyo. Umempata?"

"Nimekuja tuzungumze."

Aliwasha birika, akatoa kashata. Ukutani aliongeza picha mpya: yeye na ngamia, wote wawili wamenuna. Talib ndiye aliyemtafutia Sheikha chumba cha kwanza alipofika mji huu na sanduku moja, na ndiye aliyeshika jeneza la baba yake upande wa kichwa. Mtu kama huyo huwezi kumhoji kama mlaghai wa nyumba za halmashauri. Lakini pia humwachi, maana kuna mtu mwengine yuko rumande anaitwa muongo.

"Ami, nataka nifahamu ule mkebe. Nionyeshe ilivyokuwa."

Mzee alifurahi. Akatafuta jikoni, akarudi na mkebe wa biskuti wa mkewe, akamwaga nyuzi na sindano mezani. "Hivi. Akil anapita hivi, hasemi kitu. Wewe unatia." Akatoa simu yake mfukoni, akaitia. Ikalia *ngwa* chini ya bati. "Basi. Anafunga."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Sheikha alitoa simu yake mwenyewe. Kwenye orodha yake ya majina, Mzee Talib alikuwa mara mbili, kama walivyo nusu ya wazee wote wa kwao mji huu. *Ami Talib.* Na chini yake, *Ami Talib nyumbani*. Akabonyeza la pili.

Fulana ya Mzee Talib ikaanza kuimba.

Iliimba mara tatu, mara nne, kutoka mfuko wa ndani, upande wa moyo. Mzee aliushika ule mfuko kwa kiganja.

"Hii ya nyumbani," alisema. "Hii si simu, mwanangu. Hii ya dada."

"Ya dada?"

"Bi mkubwa wa Wete. Kila siku lazima anisikie. Nisipopokea anajua nimekufa, anaanza kulia, anakusanya majirani. Mara moja nilikuwa kwa daktari wa meno, nikatoka nikakuta Pemba nzima inanisomea. Hii siizimi, siiachi popote. Hata haikunijia akilini kama Akil anaitaka na hii. Wallahi haikunijia."

"Nakuamini, Ami. Na baadaye? Ulipokuwa peke yako kwenye darubini?"

Mzee Talib alikaa. Alikitazama kipande cha kashata mkononi kama hajui kimefikaje.

"Alitoka nyuma ya mkia," alisema taratibu. "Wale wenzangu walikuwa wameshaondoka. Alitoka, mdogo kuliko nduguze, akapiga miayo. Nikajua hawataniamini. Miaka sita nakwenda nao, Sheikha. Miaka sita naambiwa Talib hujui, Talib umekosea, na kweli nakosea. Safari hii nilikuwa nimepata mimi, peke yangu. Nikaitoa, nikaiweka jichoni mwa darubini, nikapiga moja. Moja tu. Jioni kwenye orodha nikataka kuwaonyesha. Nikakumbuka kiapo. Nikasema nikiionyesha, Akil atajua nilikuwa na simu. Nikanyamaza, wakanikata."

"Kisha ukamwonyesha nani?"

"Mahali sikumtajia mtu! Kiapo changu nimekishika. Hata wakinitia pingu mimi badala ya Akil, jawabu ni hilohilo."

"Sikusema mahali. Picha."

Akakiweka kipande cha kashata mezani. "Amir."

Amir alikuwa mtoto wa yule dada wa Wete. Baba yake alikufa akiwa tumboni. Talib ndiye aliyemsomesha kutoka huku, ndiye aliyemwozesha. Sasa alikuwa Maskati, kwenye ofisi ya bima.

"Uliituma vipi, Ami?"

"Kama dokumenti. Mwenyewe aliniambia: Mjomba, usiitume kama picha, inafifia, itume kama dokumenti ije kama ilivyo. Anataka kuichapa kubwa aitundike ukumbini, aandike chini *imepigwa na mjomba wangu*." Uso wa mzee ulipata nuru kidogo, kisha ukazimika, maana Sheikha alikuwa hatabasamu.

"Ikija kama ilivyo, Ami, inakuja na kila kitu. Simu yako inaandika ndani ya picha umesimama wapi. Ukituma kawaida, yale maandishi huachwa nyuma. Ukituma kama dokumenti, yanakwenda nayo. Hukumtajia mtu mahali. Picha ilimtajia."

Ilichukua muda kumfikia. Sheikha aliona inavyomfikia.

"Amir ni mtoto mwema," alisema Mzee Talib.

"Sina shaka. Aliwatumia nani?"

"Marafiki zake wa barazani. Alinambia wamesifu. Mmoja anafuga kozi, alisifu zaidi, akaiomba na yeye." Akafunika uso kwa viganja. "Lahaula! Akil alinipa blanketi lake, Sheikha. Usiku ule wa baridi alilala bila kitu, kanipa mimi. Na mimi wiki mbili nzima namsomea dua atoke, huku ufunguo ninao fulanani!"

Alilia, na Sheikha alimwacha alie. Chai ilipoa. Hatimaye mzee alijifuta kwa ncha ya fulana, akanyoosha mgongo.

"Lete karatasi. Andika ni mimi. Nilikuwa na simu ya pili, nilipiga picha, nilimdanganya Akil. Jina langu liweke juu kabisa. Wasinipe viza tena mpaka nife, sawa."

Sheikha alitoa karatasi. Aliandika alivyoambiwa, akamsomea. Halafu akaacha kalamu juu ya meza.

"Haitoshi, Ami."

"Vipi haitoshi?"

"Wataiona picha London, wataiona bandarini kwa mlanguzi. Katikati hapana daraja. Mwendesha mashtaka atasema rafiki mzee wa Akil kajitolea kubeba mzigo. Lazima iandikwe ilikwenda kwa nani, siku gani, na yeye akampa nani."

"Amir muache."

"Ami."

"Nakuomba, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu. Huko aliko yuko kwa kibali cha kazi. Wakimwita polisi, hata kama hana kosa, wanamfukuza kesho yake. Ana mke, ana mtoto mchanga. Mama yake anamtegemea yeye na Mungu."

Sheikha alifungua mkoba wake. Alichukua ile picha, akaiweka mbele ya mzee. Ilikuwa mara ya kwanza Talib kuiona tangu amtumie Amir. Kidole chake kilikwenda chenyewe nyuma ya mkia.

"Akil aliwaambia askari kwamba vifaranga ni wawili," alisema Sheikha. "Alisema kweli yake. Wanamwita muongo kwa sababu ya huyu wa tatu. Duniani kote aliyemwona kwa macho yake ni mtu mmoja. Binti yake Seema anasubiri mtu huyo aseme yote, si nusu."

Nje basi lilipita, na kwa mazoea Mzee Talib akageuza kichwa kuisikiliza gia yake.

"Andika," alisema.

"Ami, una hakika?"

"Andika kabla sijageuka! Amir bin Salim. Tarehe kumi Februari. Namba yake hii hapa." Aliitoa ile simu ya fulanani na kumsomea tarakimu moja moja. Nne za mwisho alizirudia. Sheikha alipomaliza kuandika, mzee alichukua kalamu, akatia sahihi, kisha chini ya sahihi, bila ya kuambiwa, akaongeza mstari wake mwenyewe: *Vifaranga walikuwa watatu. Akil hakujua.*

Sheikha aliikunja karatasi. Akambusu mzee mkono.

Na hapo simu ikaanza kuimba. Safari hii Sheikha hakuwa ameigusa yake. Ilikuwa saa kumi na moja. Wete walikuwa wameshaswali isha, ndio wakati wake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya bibi mwenye kanga, akikodoa macho, na chini yake neno moja: *Dada*.

Sheikha alisimama ili ampishe. Mzee alimwashiria akae.

"Kaa. Nisipopokea atadhani nimekufa."

Alivua kofia, akaiweka mezani karibu na mkebe, kisha akaibeba simu kwa mikono miwili, akapokea.

"Dada," alisema. "Mimi mzima. Hebu kaa kitako kwanza. Nimemfanyia jambo Amir."